Rangi ya nembo haiidhinishwi kwenye simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako wa Dar es Salaam aliyeandika kwamba sisi wachapaji wa Moshi na Arusha tunazichezea nembo za makampuni. Alijitambulisha kuwa ni afisa masoko. Alisema alisafiri kutoka Himo hadi Arusha mjini, na njiani akaona mabango ya kampuni yake yenye kijani cha aina tatu. Sibishani na macho yake. Barabara hiyo naipita na mimi, na mabango hayo nayafahamu. Mengine nimeyachapa mwenyewe. Ninachobishia ni sababu aliyoitoa, eti mafundi wa huku hawasomi mwongozo.

Tunasoma. Mimi nilianza kazi hii kwa fremu ya mbao na kitambaa cha wavu, nikivuta wino kwa mpira juu ya fulana za mashindano ya shule, enzi ambazo mwandika mabango alikuwa mtu mwenye brashi, penseli na kamba. Wazee wetu wa brashi hapa Moshi walipaka kuta za maduka rangi za kampuni ya simu ya Celtel, wakarudi kwenye kuta zilezile kupaka Zain mwaka 2008, wakarudi tena kupaka Airtel mwaka 2010. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Tigo kuwa Yas. Asitufundishe mtu kwamba nembo ina utaratibu wake. Utaratibu huo ndio uliotusomeshea watoto.

Kwa wasioujua, mwongozo wa chapa ni kitabu ambacho kampuni humpa kila mtu atakayeigusa nembo yake. Siku hizi huja kwa PDF. Ndani yake mna nembo yenyewe, rangi zake kwa namba, aina ya herufi, na kurasa nyingi za makatazo: usiivute, usiigeuze, usiitie kivuli, usiiweke juu ya picha yenye vurugu. Mna kipimo cha nafasi wazi ya kuizunguka nembo, ambacho mara nyingi ni kimo cha herufi mojawapo ya nembo hiyohiyo, ili namba ya simu ya wakala au picha ya mtu anayecheka isije ikaibana. Mna pia kipimo cha udogo wa mwisho, kwa sababu nembo inayosomeka vizuri kwenye ukuta wa stendi inaweza kuwa doa tu kwenye kalamu. Yote hayo yana maana yake. Nimeona nembo ya benki imevutwa kama unga wa chapati ili ijaze ubao wa juu ya mlango, na aliyefanya hivyo ni mwenzetu wa mjini hapahapa. Huyo nampa msomaji wako amchape.

Mimi natii hata pale mwongozo unaponiuma. Kuna kampuni ina Mlima Kilimanjaro kwenye nembo yake. Aliyeuchora aliutazama kutoka upande wa Kenya, kwa hiyo Mawenzi iko kushoto na Kibo kulia. Sisi wa Moshi tunauona mlima kutoka kusini. Mawenzi kwetu iko kulia, upande wa mashariki, na hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Bango lao la kwanza nilipolitandaza mlangoni likauke, wazee waliokuwa wakinywa kahawa jirani walikuja kuniuliza nimeugeuza mlima kwa ruhusa ya nani. Nikawaambia mwongozo unakataza kuigeuza nembo, nami sikuigeuza, nimeikuta hivyo. Mzee mmoja akasema, "Basi waambie wao waigeuze." Nilifikisha ujumbe. Sijajibiwa, na mlima bado unatazamwa kutoka Loitokitok.

Natii na sheria zilizo juu ya vitabu vya makampuni. Mwenye duka la dawa akiniletea msalaba mwekundu namkatalia, kwa kuwa alama ile inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949 na si pambo la duka. Namchorea wa kijani. Akija mtu na Bibi na Bwana anataka niwaweke kwenye kadi za kikundi chake, namuuliza barua ya ruhusa, maana nembo ya taifa ina sheria yake tangu 1971. Wateja wengine wananiona mkaidi. Sawa tu.

Sasa tuje kwenye kijani, maana ndicho kilichomkera msomaji wako.

Simu inatoa mwanga. Inachanganya nyekundu, kijani na bluu za mwanga, na usiku inaweza kung'aa mpaka ikuumize macho. Mashine yangu haina mwanga, ina wino: siani (bluu ya anga), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi, basi. Kuna kijani na kuna rangi ya machungwa ambazo simu inazitoa bila jasho, na wino wa rangi nne hauzifikii hata ufanyeje. Ndiyo maana mwongozo makini hutoa namba tofauti: namba za kwenye kioo, namba za wino wa rangi nne, na namba ya Pantone, ile orodha ya rangi zenye namba, kwa anayetumia wino uliokwisha kuchanganywa. Hiyo Pantone nayo huandikwa na herufi C kwa karatasi inayong'aa na U kwa isiyong'aa, kwa sababu wino uleule ukinywewa na karatasi hupoa.

Hayo ni ya karatasi. Fleksi, lile turubai la plastiki la mabango, si karatasi, fulana ya pamba si fleksi, na ukuta wa lipu uliopigwa chokaa si kimojawapo. Fulana nyeusi lazima ipigwe kwanza tabaka la wino mweupe chini, la sivyo njano inageuka tope. Kofia ya kutarizi haina wino kabisa, ina uzi, na herufi zenye kimo cha chini ya milimita tano hapo huwa mafundo. Kwenye duka la rangi, kijana wa kuchanganya anasoma kadi ya kiwanda chake na hana habari na Pantone. Miongozo mingi niliyoletewa inaeleza kwa kirefu karatasi ya barua na kadi ya biashara, kisha inaishia hapo. Kazi zenyewe wanazoleta ni miavuli ya mawakala, reflekta za bodaboda, vifuniko vya tairi la akiba vya magari ya watalii, na kuta.

Msomaji wako sasa aulize idhini inatolewaje, kwa sababu kijani chake kinaharibikia hapo.

Kazi huanzia tawini. Kijana wa masoko, mwenye adabu zake, ananiandikia: "Shikamoo mama, tunahitaji mabango kabla ya Jumamosi." Nembo anaituma kwa WhatsApp, picha iliyobanwa mpaka kingo zimeota meno. Namjibu, mwanangu, nitumie faili la vekta, lile ambalo hata likikuzwa ukubwa wa ukuta halipasuki. Hana. Liko makao makuu. Makao makuu wanasema liko kwa wakala wao wa matangazo. Wakala yuko Nairobi. Mara nyingine namaliza kwa kuichora nembo upya mwenyewe, mstari kwa mstari, na mwongozo huohuo unakataza nembo isichorwe upya. Wangependa nifanyeje?

Faili likipatikana natengeneza mchoro. Unakwenda kwa meneja wa kanda Arusha, unateremka Dar es Salaam, na kule unagawanywa: mtu wa chapa, mtu wa bidhaa, mtu wa sheria. Mtu wa bidhaa anataka nembo ikuzwe. Mtu wa chapa anasema ikikuzwa itakula nafasi wazi. Mtu wa sheria anataka mstari wa vigezo na masharti uongezwe chini, kwa herufi ambazo dereva wa Noah hadi amalize kuzisoma ameshaingia mtaroni. Kila mmoja anatuma maoni yake peke yake, kwa ujumbe wake, na mimi niliye Moshi ndiye ninayewapatanisha watu ambao ofisi zao ziko korido moja. Nikimrekebishia mmoja, mwingine anafuta. Kazi ya kuchapa yenyewe ni ya saa chache tu.

Mwisho unaingia ujumbe: "Sawa mama, endelea." Umetoka kwa yule kijana wa tawi, saa tatu usiku, baada ya bosi wake kumpigia. Bosi ameuona mchoro kwenye simu, mwanga umepandishwa hadi mwisho. Hapo ndipo rangi inapopitishwa. Nikiomba nitume kipande kilichochapwa, cha futi moja tu, kwa basi la alfajiri, naambiwa muda hakuna. Muda wa kubishana juu ya herufi za masharti ulikuwapo.

Kampuni moja, sitaitaja, ilinirudishia mzigo mzima wa mabango ya mawakala kwa sababu kijani "kimekufa". Nilikuwa nimechapa kwa namba za wino zilizomo kwenye kitabu chao. Niliwaonyesha ukurasa. Wakakubali kwamba namba ni zenyewe, ila bango halifanani na mchoro uliopitishwa. Mchoro uliopitishwa ulikuwa ndani ya simu. Nikawaonyesha "sawa, endelea". Wakasema kijana wa tawi hana mamlaka ya kuidhinisha. LPO, yaani hati ya kuagiza kazi, ilitoka ofisini kwake, mhuri ni wa tawi lake, uwezo wa kuagiza alikuwa nao; wa kusema sawa ndio hakuwa nao. Kisha, kwa kuwa kitabu chao kinasema kitu chenye nembo ambacho hakikupitishwa kisionekane mtaani, nikatakiwa niyakate mabango vipande na kutuma picha za ushahidi. Fleksi nzima, nzito, ambayo mtu wa Kahe angeanikia mahindi yake misimu mingi. Niliyakata. Kijana alisimama pale dukani akiniangalia, akasema, "Mama, samahani sana," na najua ilitoka moyoni, lakini samahani hainunui wino.

Wenzangu wengine yakiwafika hayo wamejifunza njia yao, na naiandika hapa kwa sababu ndiyo inayojibu swali la msomaji wako. Wanachapa kwa kukisia, wakijaribu kuifurahisha ile simu: wanaongeza njano, wanapunguza nyeusi, wanaachana na namba za kitabu. Bango likishatundikwa wanalipiga picha, wanaitia picha hiyo rangi kwa programu ya simu mpaka kijani kinang'aa, halafu wanaituma makao makuu iwe ripoti ya kukamilisha kazi. Makao makuu wanakiona kijani chao, hundi inatoka. Hakuna anayepanda gari kuja kuangalia, isipokuwa siku msomaji wako alipokuja.

Basi kijani cha kwanza alichokiona ni cha kitabu, na kwa macho yaliyozoea simu kinaonekana kimepoa. Cha pili ni cha kukisia. Cha tatu ni mojawapo ya hivyo viwili kilichopigwa na jua la miezi mingi. Kwenye mabango yetu njano na majenta hutangulia kufifia, kwa hiyo kijani kilichozeeka huelekea kwenye bluu. Bango hilo la tatu halihitaji fundi mwingine, linahitaji mtu wa kulishusha, na hiyo bajeti sijawahi kuiona kwenye LPO yoyote.

Kuna wanaoniambia mashirika ya nje ndiyo yenye usumbufu. Si kweli sana. Umoja wa Ulaya umeandika bendera yake mpaka kwenye asilimia: bluu ni siani 100 na majenta 80, nyota ni njano 100. Nyota ni 12, kila moja ncha moja ikitazama juu. Jina la Umoja liandikwe kwa ukamilifu. Na ikikaa na nembo nyingine isionekane ndogo kuliko hizo. Fundi akizungusha nyota zifuate mduara, anajua kosa ni lake, hakuna wa kumsingizia. Majenta ikizidi kidogo ile bluu inakuwa zambarau, na hapo pia namba zipo za kutuamulia. Hata USAID, kabla ya kufunga shughuli zake mwaka 2025, mwongozo wake uliruhusu maneno ya chini ya nembo yawe kwa lugha ya mahali. Kampuni ya hapahapa nchini inanitumia kitabu cha Kiingereza kitupu, na msaidizi wangu aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA, mwenye mikono mizuri kuliko yangu, inabidi nimtafsirie makatazo moja baada ya jingine.

Tabu ya miradi ya wafadhili iko kwingine: nembo zinakuwa nne au tano kwenye bango moja, na kila mwenye nembo ana kitabu kinachosema yake isizidiwe. Hiyo ni hesabu isiyotoka. Nimeona uzinduzi wa kisima ukifanyika bila bango kwa sababu mashirika yalikuwa bado yanabishana nani akae kushoto. Maji yalitoka vilevile.

Ninachowaomba maafisa masoko ni kitu kimoja. Rangi ipitishwe kwenye kipande kilichochapwa, kwenye kitu chenyewe kitakachotumika, na kipitishwe na mtu mmoja mwenye mamlaka, kwa saini. Nitachapa vipande viwili vinavyofanana. Kimoja kinakwenda kwa basi. Linaloondoka Moshi alfajiri jioni liko Dar es Salaam. Huko wakitoe nje ya ofisi, wakitazame kwenye mwanga wa mchana, maana chini ya taa za ofisini rangi husema mengine. Wakikikubali, waandike nyuma yake jina, cheo na tarehe kwa kalamu ya wino mzito, wakirudishe. Cha pili nabaki nacho. Siku ya ubishi tunaweka bango na kipande pamoja, na aliyekosea anaonekana bila kuita mkutano.

Najua watakachojibu: wana matawi nchi nzima, hawawezi kupokea vipande kila siku. Hakuna aliyesema kila siku. Rangi ikishakubaliwa kwa fleksi yangu na mashine yangu, haina sababu ya kupitishwa tena kila ninapobadilisha jina la wakala au tarehe ya promosheni. Maneno ndiyo yanayobadilika, na maneno yanasomeka vizuri tu kwenye simu. Hayo waendelee kuyapitisha kwa WhatsApp. Nikibadilisha aina ya fleksi au wino, hapo nitume kipande kipya. Nembo, nafasi wazi na mahali pa mstari wa masharti vikae kwenye kiolezo kilichofungwa, watu wa korido moja wagombane mara moja kwa mwaka, wamalize.

Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni huu wa kazi chache. Ikifika Februari, Kilimanjaro Marathon ikiwa mlangoni, Moshi yote inataka fulana, mabango na bendera kwa wakati mmoja, na Juni maonyesho ya utalii yanapokaribia Arusha nako ni hivyohivyo. Kampuni itakayokuja wiki hizo na picha ya WhatsApp na neno "haraka" itachapiwa haraka. Kijani chake sikiwekei dhamana.

Upande wangu nimeshaanza. Nimechapa viraka vya rangi zinazoombwa sana mjini hapa, kwenye fleksi, stika na fulana, kila kimoja na namba zake za wino pembeni. Seti moja iko kabatini, gizani. Nyingine nimeitundika nje inapopigwa na jua, ili mteja aone na cha leo na cha baadaye. Msomaji wako akipita tena kwenda Arusha ashuke Moshi, aje avilinganishe na kitabu chake, sitamtoza kitu. Aje mchana, Jumapili nafunga. Na kama inawezekana aje na yule mwenye mamlaka ya kusaini.

Mchapaji wa mabango na fulana,
Mbuyuni, Moshi.
(Jina na anwani vimehifadhiwa na mhariri.)